"Smelt" si "melt": jibu kwa aliyeuliza kuhusu shaba ya Katanga

Ndugu, umesema kitabu chako cha historia kinaandika kwamba mafundi wa zamani wa Katanga "smelted the ore", ukafungua kamusi ukapewa "yeyusha", neno lile lile la "melt". Natafsiri karatasi za kampuni za madini hapa Lubumbashi, na kitenzi hiki nakisahihisha kila mara.

"Melt" ni kitu kigumu kuwa majimaji kwa joto huku kikibaki kile kile: siagi, barafu, waya wa shaba. "Smelt" ni kuitoa metali ndani ya jiwe lililoishika. Chukua malakiti, lile jiwe la kijani. Likipata moto wa makala (makaa ya miti), kwanza linatoa mvuke na hewa ya kaboni, linageuka jeusi. Bado si shaba, kwa kuwa oksijeni imo. Gesi inayotoka kwenye makala ndiyo inayoichukua oksijeni hiyo, shaba ikabaki peke yake. Moto ukifika digrii 1,085 za Selsiasi shaba inayeyuka na kutuama chini, na takataka zilizoyeyuka zinaelea juu. Kuyeyuka kumo, lakini kazi yenyewe ni kutenganisha. Hivyo ndivyo ilivyopatikana shaba ya ile misalaba iliyotumika zamani kama fedha. Mtambo wa Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, ulioanza kutoa shaba hapa mwaka 1911 nao ulikuwa wa "smelt", na lile terril jeusi (kilima cha takataka za tanuru) kando ya bomba la moshi ni mabaki ya kazi hiyo.

Sasa ingia kwenye ua wa mafundi wa sufuria. Wanatupa ndani ya moto vipande vya injini na vyuma chakavu vya alumini, wanakoroga, wanaondoa utando wa juu, wanamimina kwenye umbo la mchanga. Hakuna jiwe pale. Alumini imeingia alumini, imetoka alumini. Hiyo ni "melt", hata moto uwe mkali namna gani.

Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunanaswa kirahisi, maana "fondre" hubeba yote mawili. Hata "fonderie" ni hivyo hivyo, wakati Kiingereza kina "smelter" kwa mawe na "foundry" kwa kumimina maumbo.

Katika matumizi, unaweza ku-"smelt" jiwe au metali yenyewe: "smelt ore", "smelt copper from malachite". Wakati uliopita andika "smelted", kwani "smelt" kwa Waingereza ni pia "alinusa". Na angalizo kwa wanaoandika ripoti: shaba nyingi ya Katanga siku hizi hutolewa kwa asidi na umeme, bila tanuru. Hiyo usiiite "smelt" kabisa. Hatua ya asidi ni "leach".

Sentensi yako mimi ningeiandika hivi: "Waliyachoma mawe kwa makala wakatoa shaba."