Barua kwa mwanangu: soseji za usiku wa Krismasi

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Umeuliza: familia uliyopanga kwao huko Ujerumani imekualika tarehe 24 Disemba jioni, uende na nini, na nguruwe utamkwepaje bila kuwavunjia heshima?

Hilo la nguruwe limalize wiki hii. Kwetu Mombasa mgeni hunyamaza, akala pembeni mwa sahani mpaka mwenyeji akang'amua. Huko utadhaniwa umeshiba. Isitoshe, tarehe 24 maduka mengi hufungwa saa nane mchana, na 25 na 26 ni sikukuu, hakuna pa kukimbilia. Mwambie mwenye nyumba sasa: sili nguruwe, sinywi pombe. Basi, maelezo marefu ya nini?

Nyumba nyingi usiku huo hula chepesi, saladi ya viazi na soseji za kupasha majini. Bata bukini hungoja kesho yake. Soseji hizo aghalabu ni za nguruwe. Nunua zako za ng'ombe au kuku kwa mchinjaji wa Kituruki, na uombe sufuria ya peke yake. Saladi nayo iulizie: kaskazini hupenda mayonezi, kusini hutia siki na supu, na wako wanaochanganya vipande vya nguruwe. Keki ya Stollen, zabibu zake mara nyingi hulowekwa ramu. Kwenye soko la Krismasi, Glühwein inanukia mdalasini na karafuu kama chai yetu, lakini ni mvinyo. Wewe agiza Kinderpunsch, kinywaji cha moto kisicho na pombe. Pesa ya ziada utakayotozwa ni amana ya kikombe, kirudishe upewe yako.

Mkononi peleka kashata. Nazi kavu ya paketi, gramu 200, iloweke dakika kumi kwa nusu kikombe cha maji vuguvugu, la sivyo itafyonza shira yote na kashata zitamumunyuka. Chemsha sukari gramu 250 na maji robo kikombe, moto wa wastani, mpaka shira ivute uzi kwenye mwiko. Ikiwa kahawia iliyokolea umechelewa, itakuwa chungu. Tia nazi na iliki kijiko kimoja cha chai, koroga hadi iachane na sufuria, itandaze kwenye sinia uliyoipaka mafuta, ukate ingali moto; ikipoa itavunjika hovyo. Njugu usitie kabla hujauliza nani zinamdhuru.

Fika saa waliyoitaja. "Baada ya magharibi" haina maana kwao, na jua lenyewe huzama kama saa kumi. Viatu huvuliwa mlangoni katika nyumba nyingi, kwa hiyo kagua soksi. Zawadi hufunguliwa usiku uleule mbele ya aliyeitoa, usiibane kwapani ukafungue chumbani kama tufanyavyo sisi. Wako wanaowasha mishumaa ya kweli kwenye mti wa Krismasi: mtandio wako ufunge vizuri. Basi na tramu hupungua usiku huo, tazama ya mwisho kabla hujatoka.

Iliki usinunue ya unga. Ponda mwenyewe.

Mamako