Kipimo cha kwanza kilitoka safi, kumbe ni kidole tumbo

SWALI: Habari za kazi dokta. Mwezi uliopita kijana wangu wa miaka 14 alianza kuumwa tumbo jioni hapa kwenye kitovu, chakula hataki, akatapika, usiku maumivu yakahamia chini kulia, hata kumgusa hataki. Hospitali wakampima damu, FBP, kile cha kuhesabu chembe za damu, ikaonyesha chembe nyeupe 9,800 na karatasi inasema mwisho 11,000, Widal, kile cha taifodi, ikaja positive. Baba yake akasema ni taifodi hiyo tuchukue dawa turudi nyumbani, ila dokta akakomaa alazwe. Asubuhi wakarudia, chembe nyeupe 15,200 na CRP, kile cha kuonyesha kama kuna uvimbe mwilini, 64, akafanyiwa operesheni, kidole tumbo kilikuwa kimevimba ila hakijapasuka. Sasa najiuliza kipimo cha kwanza kilidanganya? Mama, Morogoro.

JIBU: Pole sana mama, na nashukuru mlikubali alazwe.

Kipimo hakikudanganya, kilichukuliwa mapema tu. Kidole tumbo kikianza kuvimba chembe nyeupe zinaweza kukaa ndani ya kiwango masaa ya mwanzo, na CRP ndio inachelewa zaidi maana inatengenezwa na ini, huanza kupanda kama masaa 6 mpaka 12 baadaye na inafika juu kabisa siku ya pili hivi. Ndio maana kurudia kipimo kuna faida kubwa kuliko watu wanavyodhani, unaona mambo yanaelekea wapi.

Kuna jingine ambalo karatasi ya maabara haikwambii. Watu wengi wenye asili ya Afrika tuna neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, chache kuliko Wazungu na hatuumwi chochote, ndivyo tulivyo, kwa hiyo mtu ambaye kawaida yake ni chembe nyeupe 4,500 akifika 9,800 ameshapanda mara mbili na zaidi, na bado karatasi inasema yuko sawa! Siku nyingine msiishie kwenye namba ya juu, shuka uangalie asilimia ya neutrofili, ikizidi 75 kwa mtu anayeumwa hivyo mimi siwezi kumruhusu aende nyumbani hata kama jumla iko vizuri.

Dokta wenu pia hakuwa anabahatisha. Kuna alama za kukadiria kama ni kidole tumbo, zinaitwa Alvarado, zipo tangu 1986, jumla 10, na damu ina alama 3 tu kati ya hizo, 7 zote zinatoka kwenye maelezo na kumpima mgonjwa. Hebu tumhesabie kijana: maumivu kuhama 1, kukosa hamu ya kula 1, kutapika 1, kuumia akibonyezwa chini kulia 2. Hapo ana 5 kabla hata ya sindano, na mwenye 5 au 6 ndio yule anayewekwa chini ya uangalizi, anapimwa tena na kupigwa ultrasaundi ikiwepo. Kumbuka na upande wa pili, chembe nyeupe kupanda peke yake sio kidole tumbo, nimonia inazipandisha, UTI inazipandisha, hata mjamzito mzima wa afya zake zinakuwa juu.

Kuhusu Widal mwambie baba kwa upole tu, hicho kipimo kinaweza kuwa positive kwa mtu aliyewahi kuugua taifodi zamani au aliyechanjwa, kinachothibitisha ni kuotesha damu. Na zile dawa ni antibayotiki, zingeweza kutuliza dalili kidogo mkajipa moyo huku tatizo lenyewe linaendelea tumboni.

Na kama una binti aliyevunja ungo, siku akipata maumivu ya namna hii usikasirike wakimpima mimba kwanza, hawamtuhumu, mimba iliyotunga nje ya kizazi inauma palepale chini na inaua haraka kuliko kidole tumbo.