Kuona khon Bangkok: uliza kwanza inachezewa nani

Hoteli nyingi za Bangkok zitakuuzia ngoma ya jadi pamoja na chakula cha jioni. Wachezaji wa huko si matapeli, na wengine wamesomea kazi hiyo tangu utotoni. Tatizo ni mpangilio: vipande sita au saba vya dakika chache chache, muziki wa kwenye spika, kisha Hanuman, nyani shujaa wa hadithi, anazunguka mezani kupigwa picha. Hadithi haipo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ngoma iko wapi, uliza inachezewa nani: mungu, mfalme, au wewe mwenye glasi mkononi.

Kubwa kati ya ngoma hizi ni khon, igizo la vinyago linalosimulia Ramakien, yaani toleo la Kithai la Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindi. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2018. Majitu na nyani hufunikwa kichwa kizima, hivyo hawawezi kusema. Maneno yao hutoka kwa waghani, na mchezaji hujibu kwa mabega, miguu na vidole. Hapo ndipo pa kuanzia kukagua. Je, waghani wapo? Je, kundi la piphat, wapigaji wa ala za jadi, linapiga palepale? Utaona ranat ek, ndugu wa marimba, gongo zilizopangwa duara, ngoma, na pi, ambayo mtu wa pwani ataiita zumari bila kuuliza. Kama kuna spika tu, umepewa kionjo. Tazama pia mavazi: katika khon kamili vazi hushonewa mwilini mwa mchezaji kwa sindano na uzi kabla ya kupanda jukwaani, ndiyo maana mabega hukaza bila mkunjo hata mmoja.

Njia rahisi kuliko zote ni tiketi ya Kasri Kuu, Grand Palace. Bei ya mgeni, 500 baht, imekuwa ikijumuisha onyesho fupi la khon katika jumba la Sala Chalermkrung, lililofunguliwa 1933 kama jumba la sinema. Huchezwa siku za kazi, na si zaidi ya nusu saa. Watu wengi hutupa tiketi wakishatoka kasri, au huenda Jumamosi wakakuta hakuna kitu. Uliza saa za onyesho na gari la bure palepale dirishani unaponunua. Na dereva wa bajaji akikwambia nje ya geti kwamba kasri limefungwa leo, mpite. Anataka kukupeleka dukani.

Ukitaka kitu kirefu, nenda National Theatre, kando ya Makumbusho ya Taifa, upande wa kaskazini wa uwanja wa Sanam Luang. Huko hucheza wasanii wa Idara ya Sanaa ya serikali. Ratiba mara nyingi iko kwa Kithai tu, kwa hiyo mwombe mtu wa mapokezi hotelini akusomee au apige simu. Kiingilio ni nafuu kuliko chakula cha jioni chenye ngoma, jambo ambalo hakuna wakala wa utalii atakayekwambia.

Onyesho kubwa la mwaka ni khon ya taasisi ya Malkia Sirikit, iliyoanza 2007 katika Thailand Cultural Centre, penye kituo cha treni ya chini ya ardhi chenye jina hilohilo. Kwa kawaida huwa Novemba hadi Desemba. Nunua tiketi mapema mtandaoni. Usikimbilie safu ya mbele kabisa: mapigano ya majeshi, na ile picha ya shujaa kupanda juu ya paja la jitu, huonekana vizuri zaidi kutoka katikati, juu kidogo.

Ngoma ya mungu haina tiketi. Kwenye hekalu dogo la Erawan, karibu na kituo cha Chit Lom, mtu ambaye ombi lake limejibiwa hulipia wachezaji wawili, wanne, sita au wanane, kisha hupiga magoti mbele yao wakicheza. Ukifikia Pratunam, kama wengi wanaofuata mzigo wa nguo, unatembea tu kwa miguu. Utaona vizuri vidole vilivyopindwa nyuma tangu utotoni, na lile fundo la kidole gumba na cha shahada liitwalo jeep. Simama pembeni, usikatize kati ya aliyepiga magoti na sanamu. Kwenye hekalu la Lak Mueang, jirani na kasri, huchezwa lakhon chatri, igizo jingine la ngoma la jadi, kwa utaratibu huohuo wa nadhiri. Hakuna ratiba, hucheza nadhiri inapolipwa, na asubuhi tulivu unaweza kukuta jukwaa tupu.

Mambo ya adabu: kwenye majumba makubwa wimbo wa mfalme hupigwa kabla ya onyesho na wote husimama, mgeni naye. Usiguse kinyago hata kikiwa mezani, kwani kwao ni kichwa cha mwalimu.

Mwisho, soma kisa kabla ya kuingia. Katika kisa cha Nang Loi, Benyakai, binti wa upande wa majitu, hujigeuza maiti ya Sida na kuelea mtoni ili mumewe Sida, shujaa Phra Ram, akate tamaa. Hanuman hushtuka: maiti hii imepanda kinyume cha mkondo, tena haijaoza. Anaomba ichomwe moto. Asiyejua haya huona mwanamke amelala na nyani anarukaruka; anayejua hukaza macho kwenye moshi, maana Benyakai hutorokea humo.