Sanamu, michoro na wageni wa milimani: maswali ya wasomaji

Barua nyingi zilizofika ofisini kwetu Dar es Salaam safari hii zinazunguka jambo moja: miji ya milimani inayotaka kuvuta wageni kwa sanamu na michoro ya kutani. Tumechagua tano.

Ndugu wahariri, sisi ni kamati ya waongoza watalii na wenye nyumba za wageni. Tumechanga fedha za sanamu ya mita nne. Wengine wanaitaka kwenye kona ya kuingilia mjini ili kila gari liione, wengine wanaitaka njia ya kwenda Irente, kule kwenye mandhari. Tuanzie wapi?
*Kamati, Lushoto*

Hongereni kwa kuuliza kabla ya kuchimba msingi. Kwenye kona, hapana. Mtu akiona kitu kizuri barabarani hufunga breki, hushuka na kurudi nyuma hatua kumi ili apate picha. Kwenye barabara ya kupanda kutoka Mombo kupitia Soni, yenye kona mfululizo na malori ya mboga yanayoshuka, hatua hizo kumi zinaweza kuua mtu. Kwa hiyo chagueni kwanza mahali pa kusimama gari, kisha sanamu ifuate.

Mji mmoja wa mapumziko wa milimani ulishalipa gharama ya kugeuza utaratibu huo. Ni Breckenridge, jimbo la Colorado, Marekani, karibu mita 2,900 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2018 msanii wa Denmark, Thomas Dambo, alijenga pale zimwi kubwa la mbao chakavu lililoitwa Isak Heartstone, kando ya njia ya miguu iliyo jirani na makazi ya watu. Lilipendwa mno. Magari yakajaa mitaani, wakazi wakalalamika, na Novemba ya mwaka huohuo halmashauri ya mji ikaliondoa. Mwaka 2019 likajengwa upya sehemu nyingine ya mji. Msanii alifanya kazi yake vizuri. Hesabu ya magari na majirani ndiyo iliyokosekana.

Nyinyi chagueni viwanja vitatu, mvipime kwa futi kamba. Gari dogo linahitaji mita 2.5 kwa 5. Coaster ina urefu wa karibu mita 7, hivyo itengeeni mita 3.5 kwa 8, na mahali pa kugeuzia pasipungue mita 15. Magari madogo manane na Coaster mbili yanakula mita za mraba 156 kabla hamjahesabu njia ya kuingilia na kugeuzia. Kwa pamoja tafuteni karibu 400. Choo kiwe ndani ya mwendo wa dakika tatu kwa miguu. Pasipokuwa na choo, nyuma ya sanamu ndiko kutakuwa choo, na harufu itawafukuza wageni ndani ya mwezi.

Halafu simamisheni mfano: mirunda minne yenye urefu uleule, izungushieni turubai, muiache siku saba, mojawapo iwe siku ya gulio. Tazameni alfajiri ukungu ukiwa umeshuka, tazameni saa 9 alasiri, tazameni usiku taa za gari zikimulika. Msafiri aliyetoka Dar es Salaam alfajiri huwafikia mchana au alasiri, jua likiwa limeelekea magharibi. Uso wa sanamu ukielekea mashariki, kila picha ya alasiri itatoka kivuli kitupu. Ugeuzeni magharibi. Mwiteni pia dereva wa lori apite mara mbili na kuwaambia kama turubai linamziba asione mbele.

Kabla ya kulipa fundi hata shilingi moja, ulizeni barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za wilaya na za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kitu kilichojengwa humo bila kibali cha maandishi kitapigwa X nyekundu hata kama mkuu wa wilaya ndiye aliyekizindua. Kibali cha mdomo kutoka kwa afisa mnayefahamiana naye hakisaidii, kwa sababu maofisa huhamishwa.

Hamkuuliza sanamu iwe ya nini, ila tunaona ni wajibu wetu kusema: simba na twiga waachieni miji iliyo karibu na hifadhi zao. Mwanza wana samaki kwenye kipilefti chao, na hakuna anayeuliza kwa nini. Usambara ina kinyonga wa pembe mbili asiyepatikana penginepo duniani. Ina pia lile ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilichukua mwaka 1892 na kulipeleka Ulaya. Hadi leo Wajerumani wanaliita Usambaraveilchen na kulipanda kwenye vyungu madirishani. Jina la milima yenu limekaa kwenye nyumba za watu wasiojua Usambara iko wapi. Hiyo ni nusu ya matangazo, na hamkuilipia.

Shikamooni. Mimi ni mchoraji. Ukuta nilioupaka hapa Dar ulianza kubanduka kabla ya mwaka, na sasa nimeitwa kuchora ukuta wa mita 12 kwa 3 Lushoto, kwenye baridi na mvua. Niliambiwa tatizo ni rangi ya bei rahisi. Ni kweli?
*Mchoraji, Vingunguti*

Marahaba. Rangi rahisi hupauka. Kubanduka ni kazi ya maji, na mara nyingi maji hayo yanatoka nyuma ya rangi. Yanapanda kutoka ardhini, yanaingia kwa juu pale ukuta usipofunikwa, au yanadondoka kutoka kwenye bati lisilo na gata. Yakitafuta njia ya kutoka na kukuta ngozi ya rangi ya mafuta, yanaisukuma hadi inavimba na kupasuka. Ndiyo maana rangi ya mafuta inayong'aa, ambayo mafundi wa Tingatinga wanaitumia vizuri kabisa juu ya ubao, haifai kwenye ukuta wenye unyevu. Tumia rangi ya maji ya akriliki iliyotengenezwa kwa kuta za nje, ambayo unyevu kidogo unaweza kupenya na kutoka.

Nenda siku moja kabla ya kukubali kazi. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, ukizibe kwa gundi ya utepe pande zote nne, ukiache hadi kesho yake. Fanya hivyo sehemu tatu: chini karibu na ardhi, katikati na juu. Ukikuta matone kwa ndani, ukuta una maji, na mwenye ukuta arekebishe gata, mtaro au kofia ya ukuta kwanza. Usikubali kuambiwa "paka tu, tutarekebisha baadaye". Lawama itakuwa yako.

Lipu mpya ikae siku 28 bila kupakwa. Ukipaka mapema, magadi ya simenti yanakula rangi na unga mweupe unatokeza usoni. Ukikuta unga huo kwenye ukuta wa zamani, usiuoshe kwa maji, utauyeyusha urudi ndani. Ukwangue mkavu kwa brashi ngumu. Kuvu na ukungu wa kijani, ambavyo milimani havikosekani, vipake jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 3, subiri dakika 15, sugua, suuza, acha ukuta ukauke siku mbili za jua. Jiki usiichanganye na asidi ya kusafishia vyoo hata kidogo, inatoa gesi yenye sumu.

Sasa vipimo. Ukuta wako ni mita za mraba 36. Lita moja inafunika karibu mita 10 za mraba kwenye ukuta laini, lakini lipu yenye chenga hunywa, kwa hiyo hesabu 8. Praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) inayostahimili magadi, mkono mmoja, yaani kupaka mara moja: lita 4.5, maana yake galoni mbili za lita 4. Rangi ya chini, mikono miwili: lita 9, nunua galoni tatu. Rangi za mchoro wenyewe zitategemea picha. Nyekundu na njano za udongo, zile zenye asili ya kutu ya chuma, hudumu juani miaka mingi. Waridi kali na zambarau za bei nafuu huondoka kwanza. Kama unachora lile ua la Usambara, pesa yako iweke kwenye zambarau.

Msimu: Machi hadi Mei usiende, na Oktoba hadi Desemba ni bahati nasibu. Juni hadi Septemba hakuna mvua nyingi ila usiku ni baridi kali, na rangi ya maji haishiki vizuri chini ya nyuzi 10. Anza saa 4 asubuhi umande ukishakauka, weka brashi chini saa 9 alasiri. Utaona siku zinapotea. Ziweke kwenye bei yako tangu mwanzo.

Tulitengeneza sanamu ya zege ya mvuvi karibu na ufukwe. Mwaka wa pili mikono ilipasuka na kutoa maji ya kahawia. Tumepata oda nyingine ya milimani, hatutaki aibu hiyo tena.
*Mafundi, Kigamboni*

Hiyo ni kutu ya nondo. Chuma kikipata kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Mikono hutangulia kwa sababu ni myembamba na nondo iko karibu na uso. Tunataka mjiulize pia mchanga mliutoa wapi, maana mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi iliyochanganywa ndani ya zege haina dawa.

Kiini, yaani zege la ndani: mfuko 1 wa simenti wa kilo 50, ndoo tatu na nusu za lita 20 za mchanga wa mtoni, ndoo saba za kokoto ndogo, na maji yasiyozidi lita 25. Mchanga ukiwa umeloa, punguzeni maji. Fundi anayeongeza maji ili zege limwagike kwa urahisi ndiye anayetengeneza ufa wa mwaka wa pili. Ngozi ya nje: mfuko 1 kwa ndoo tano za mchanga, juu ya wavu wa kuku uliofungwa vizuri kwenye nondo. Kutoka chuma hadi uso pawe na sentimita 4 hadi 5 kila mahali, hata kwenye vidole. Kama kidole hakiruhusu unene huo, kinenepesheni au tumieni chuma kisichoshika kutu. Sanamu ifunikwe magunia yaliyoloweshwa kwa siku saba, na yamwagiwe asubuhi na jioni. Juani bila magunia, ngozi hupata nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na mvua huingia hapohapo.

Kwa milimani ongezeni jambo moja: kila mahali panapoweza kutuama maji, yaani kiganja, mkunjo wa nguo, kofia, pawe na mteremko au tundu la kutolea.

Nauza safari za mwisho wa wiki kutoka Dar. Michoro ikikamilika, naweza kutumia picha zake kwenye matangazo na kalenda? Na nitangaze nini hasa?
*Msomaji, Sinza*

Muulize mchoraji, kwa maandishi. Kulipia ukuta upakwe ni jambo moja, kuchapa picha ya mchoro kwenye kalenda ya kuuza ni jingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa msanii haki ya kutajwa jina na ya kupinga kazi yake kuharibiwa umbo. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha: picha itumike wapi, kwa muda gani, kwa malipo gani, jina liandikwe vipi, nani atarudishia rangi ikichubuka na kwa fungu lipi, na ukuta ukibomolewa msanii apewe taarifa siku ngapi kabla. Tunasisitiza fungu la marekebisho. Tengeni walau shilingi moja katika kila kumi ya bajeti, msiiguse siku ya uzinduzi.

Katika matangazo, tangaza baridi. Mtu wa Dar es Salaam anayeshinda kwenye joto la Februari hahitaji kushawishiwa zaidi ya picha ya moshi wa chai na sweta. Mwambie kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 za kupanda, na wanaosumbuliwa na kona wakae mbele. Chora ramani moja inayoonyesha kila mchoro kwa dakika za kutembea, na uandike choo kilipo. Usiahidi mandhari ya Irente kila saa. Ukungu hauna ratiba. Andika kwamba kukiwa na ukungu asubuhi mtaanza na michoro ya mjini, na Irente mtaenda ukishafunguka.

Mtaani kwetu kuna jengo la mawe la enzi za Wajerumani. Vijana wanataka kulipaka michoro. Ni sawa?
*Mwalimu, Lushoto*

Si sawa, Mwalimu, tunaomba uwazuie. Kuta za mawe za wakati ule mara nyingi zilijengwa kwa chokaa, na chokaa hupumua. Rangi ya kisasa ikiziba uso, maji yanabaki ndani na jiwe linaanza kumenyeka. Majengo ya kihistoria pia yanaweza kulindwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, hivyo Idara ya Mambo ya Kale iulizwe kabla ya msumari wowote kupigwa. Vijana wapeni ubao: plaiwudi ya nje ya milimita 18, praima pande zote mbili na kingo zote nne, isimame kwenye miguu yake mita moja mbele ya jengo. Hapo hata rangi ya mafuta ruksa.