Shangazi wa Kaunta: Mashine imemeza pesa za mchezo

*Shikamoo shangazi. Naishi Brooklyn Park, Minnesota, nalea wazee zamu ya usiku. Alhamisi nimerudi nyumbani sijalala, simu ikaita. Mtu akajitambulisha kuwa wa ofisi ya Hifadhi ya Jamii, akanitajia jina langu lote na tarakimu nne za mwisho za namba yangu ya hifadhi hiyo. Eti kuna gari limekodishwa kwa jina langu, limekamatwa na dawa za kulevya. Akaunti yangu itafungwa, niokoe pesa kwa kuziweka "hazina ya serikali" kabla ya saa kumi, nisikate simu, nisimwambie mtu. Nikatoa dola 1,900 benki, nikazitumbukiza kwenye mashine ya bitikoini, ile sarafu ya mtandaoni, pale kituo cha mafuta. Ijumaa 1,900 nyingine, mashine ileile. Jumamosi anataka tena, mwanangu wa miaka 15 akaninyang'anya simu. Shangazi, hizo ni pesa za mchezo wetu wa upatu ninazozitunza, si zangu. Mume wangu hajui. Zitarudi?*
*Mama Wawili*

Marahaba mwanangu. Jibu hili nilishakupa kwa simu siku barua yako iliponifikia, maana gazeti lisingekuwahi. Naliandika hapa kwa ajili ya wengine.

Nafasi unayo, na unayo kwa sababu uko Minnesota. Tangu Agosti 2024 sheria ya jimbo hilo inasema mteja mpya wa mashine hizi aliyelaghaiwa anaweza kudai arudishiwe pesa zake, mradi awaarifu wenye mashine pamoja na polisi au ofisi ya serikali ndani ya siku 14 tangu muamala wa mwisho. Upya wenyewe ni wa saa 72 tu, na Alhamisi na Ijumaa zako zimo humo. Umejiuliza kwa nini alitaka 1,900 na si 4,000 kwa mkupuo? Sheria hiyohiyo inakataza mteja mpya kuweka zaidi ya dola 2,000 kwa siku. Mwizi wako kaisoma kabla yako.

Sasa ile risiti uliyoikunja nyuma ya kava la simu. Ipige picha leo, karatasi zile wino wake hufifia. Ina saa, namba ya muamala na ule mlolongo wa herufi na tarakimu ambao ndio anwani ya pochi ya mtandaoni zilikokwenda pesa. Bila hiyo utakuwa unasimulia tu. Wapigie wenye mashine kwa namba iliyoandikwa kwenye mashine yenyewe. Usiitafute mtandaoni, huko kuna namba za huduma kwa wateja zilizowekwa na matapeli hao hao. Nenda polisi ukapewe namba ya ripoti, kisha jaza taarifa FBI kwenye ic3.gov. Na kwa kuwa wana namba yako, omba Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo, wafunge taarifa zako. Ni bure.

Atakayekupigia akisema anaweza kukurejeshea pesa kwa ada ndogo, huyo ni ndugu yake yule wa kwanza. Majina ya waliokwisha kulizwa huuzwa.

Uliniambia jambo moja ambalo halijanitoka. Mashine ilikuwa na stika ya onyo, ukaisoma, ukamsomea na huyo tapeli kwenye simu, akakujibu, "Ndiyo, ndiyo maana tunakulinda." Kisha kioo kikauliza kama pochi ni yako, akakwambia bonyeza ndiyo. Pochi haikuwa yako. Ile picha ya miraba ya kuskani aliikutumia yeye. Noti ya ishirini ikawa inatemwa, ukainyoosha pajani mara tatu hadi ikakubali. Mwanangu, mashine yenyewe ilikuwa inaikataa!

Sikucheki. Nimekaa kaunta ya benki miaka 19 Tanga, nimewaonya wateja mpaka sauti ikakauka, na bado mwaka mmoja meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii" ilinikuta nasubiri namba ya fundi wa bati. Nikatuma shilingi 80,000 bila kupepesa. Hawana haja ya mjinga, wanatafuta mtu aliyechoka au mwenye haraka, nawe ulikuwa umetoka zamu. Mwaka 2023 watu waliripoti kwa Tume ya Biashara ya Marekani kupoteza zaidi ya dola milioni 110 kwenye mashine hizi, karibu mara kumi ya mwaka 2020, na wenye miaka 60 na kuendelea ndio wanaolizwa zaidi. Yaani hao wazee unaowalea. Waambie na wao: hakuna ofisi ya serikali, polisi wala benki inayopokea pesa kwa bitikoini kituo cha mafuta.

Mume mwambie usiku huu, kabla mtoto hajamwambia. Wa mchezo waambie kabla ya zamu ya kupokea kufika, ukiwa na ripoti ya polisi mkononi. Watanuna. Mweka hazina aliyenyamaza hununiwa zaidi.

*Shangazi, hapa Coventry kwa kinyozi wangu kumewekwa mashine ya kripto. Ni halali?*
*Kijana wa Muheza*

Machi 2022 mamlaka ya fedha ya Uingereza, FCA, ilitangaza kwamba hakuna mashine hata moja iliyoruhusiwa, na wote wanaoziendesha wazifunge. Februari 2025 mmoja aliyeendelea nazo alifungwa miaka 4. Kwa kinyozi nenda kanyoe nywele.