Geuza Jani Kwanza: Maswali Yenu ya Bustani

Picha mlizonitumia safari hii ni nzuri, lakini nyingi zinaonyesha jani kwa juu. Wapendwa, wadudu wengi hawakai juani, wanakaa chini ya jani, penye kivuli, kama ambavyo ningefanya mimi. Basi kabla hujaniandikia, geuza jani. Haya, tuanze.

Shikamoo bibi. Pilipili zangu zilikuwa zimestawi, lakini juzi nimekuta majani ya kileleni yamekunjamana, tena yananata. Sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina mchana kutwa. Niwapulizie dawa gani hao sisimizi?
*– Mwenye pilipili sita*

Marahaba mwanangu. Sisimizi waache kwanza, wao ni wachungaji tu. Mifugo yenyewe iko juu. Chukua jani moja lililokunjamana, likunjue taratibu kwa kidole gumba. Utakuta wadudu laini, wa kijani au weusi, wamebanana bega kwa bega kama abiria. Hao ni vidukari, wengine huwaita wadudu mafuta. Wanafyonza utomvu wa mmea, na kwa kuwa utomvu una sukari nyingi kuliko wanayoihitaji, ziada wanaitoa kwa nyuma, matone matamu. Ndiyo hayo yanayokunata vidoleni. Sisimizi wanayanywa, na kwa malipo wanamfukuza kila anayekuja kula vidukari.

Usingoje mwisho wa wiki. Wakati wa joto kidukari jike hahitaji dume: anazaa watoto walio hai, wote majike, na hao watoto wanaanza kuzaa baada ya siku saba hadi kumi hivi. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe, mimi inanitia kizunguzungu.

Dawa yangu ya kwanza ni maji. Shika kilele kwa mkono mmoja kisivunjike, kisha kirushie maji ya nguvu ukielekeza chini ya majani. Wengi wakishadondoka hawarudi. Rudia kila baada ya siku mbili au tatu. Wakibaki wabishi, ndipo uchanganye sabuni ya maji isiyo kali, vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji, upulize jioni. Sabuni inamuua yule iliyemlowesha tu. Ikishakauka kwenye jani haina kazi tena, kwa hiyo kama hukupuliza chini ya jani, umeosha majani basi. Mimi niliwahi kupuliza saa sita mchana, tena nimezidisha sabuni kwa pupa. Kesho yake maharage yalikuwa yamebabuka kama yamepitiwa na pasi. Vidukari walikufa, ndiyo, lakini hawakuwa peke yao.

Na kabla ya kupuliza chochote, tazama tena. Ukiona vidukari waliovimba, wenye rangi ya kahawia, wakavu, hawatikisiki hata ukiwagusa, waache hapo hapo. Kuna nyigu mdogo sana, mdogo kuliko punje ya mchele, anayetaga yai ndani ya kidukari. Mtoto anamla kidukari kwa ndani, kisha anatoboa tundu la mviringo mgongoni na kuruka. Ukiona pia kadudu keusi, karefu, chenye miguu sita na madoa ya rangi ya chungwa, mwendo wake kama mamba mdogo, usikaponde. Huyo ni mtoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi ambaye watoto wetu wanapenda kumtembeza mkononi. Watu wanambembeleza mama, mtoto wanamponda, na kumbe wote wawili wanaishi kwa kula vidukari.

Mmea wangu wa ndani unageuka njano, na mimi naumwagilia kila siku bila kukosa. Juu ya udongo kuna vinzi vidogo vyeusi vinarukaruka.
*– Wa ghorofani*

Tatizo liko kwenye hilo "bila kukosa". Mizizi nayo inapumua, na udongo uliojaa maji hauna hewa. Chovya kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, rudi zako. Vinzi hivyo vinataga kwenye udongo uliolowa juu, kwa hiyo ukiacha tabaka la juu likauke, navyo vitapungua. Na inua chungu uangalie chini: kama hakina tundu, hata kidole hakitakusaidia.

Maboga yangu yametoa maua mengi, yote yanadondoka. Nimepewa mmea tasa?
*– Aliyekata tamaa*

Bibi, kwangu viboga vinatokea, vikifika ukubwa wa kidole gumba vinakuwa njano na kuanguka. Ni mdudu gani huyu?
*– Mwanafunzi wako wa zamani*

Nimewaweka pamoja kwa sababu mna shida moja, ila mmeishika ncha mbili.

Boga lina maua ya kiume na ya kike kwenye mmea mmoja. Yale ya kiume hutangulia, mara nyingi kwa wiki nzima au zaidi, yanachanua, yanaanguka, basi. Aliyekata tamaa, kesho chunguza shingo la ua. Likikaa juu ya kikonyo chembamba kirefu kisicho na kitu, ni dume, na kudondoka ndiyo desturi yake. Likiwa limekalia kiboga kidogo cha mviringo, ni jike. Mmea wako si tasa, una haraka tu ya kutuma mabwana harusi kabla bibi harusi hajafika.

Mwanafunzi wangu, kwako hakuna mdudu. Kuna mdudu aliyekosekana, nyuki. Ua la boga linafunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri linaanza kujikunja. Katika saa hizo chache lazima chavua, ule unga wa njano wa ua la kiume, ivushwe kutoka kwa dume kwenda kwa jike, na si mara moja, maana kiboga kilichopata chavua kidogo kinakua kimepinda au kinasusa kabisa. Siku ya mvua ya asubuhi nyuki hawatoki, na siku hiyo imeshapotea.

Fanya kazi yao. Asubuhi na mapema chuma ua la kiume lililofunguka, menya petali zake zote hadi ubaki na kile kinundu cha katikati chenye unga wa njano. Gusa unga kwa kidole: ukibaki kidoleni, umekomaa. Sasa ingiza hicho kinundu ndani ya ua la kike, ukipake taratibu pande zote za katikati yake. Dume mmoja anatosha majike wawili hata watatu. Anayeona aibu afanye kabla majirani hawajaamka. Ukifanikiwa, siku chache baadaye ua linanyauka lakini kiboga kinabaki kijani, kinavimba, kinaanza kuinamisha shingo kwa uzito.

Na ninyi nyote mnaopulizia dawa asubuhi maboga yakiwa yamechanua, halafu mnaniandikia kwamba nyuki wamehama: nawajua.

Nyanya zangu zinaoza chini, doa jeusi bapa kama ngozi. Rafiki kanishauri nizike maganda ya mayai. Nimezika, hakuna kilichobadilika.
*– Mla mayai*

Doa likiwa kitakoni, upande wa mbali na kikonyo, kavu na limebonyea kidogo, hapo hakuna mdudu wala ugonjwa wa kuambukiza. Tunaita kuoza kitako. Tunda limekosa kalsiamu lilipokuwa dogo, na rafiki yako hapo alikuwa sahihi. Alipokosea ni kudhani udongo ndio hauna. Mara nyingi udongo unayo ya kutosha, ila kalsiamu inasafiri na maji. Ukimwagilia leo hadi tuta liwe tope, ukasahau siku nne, ukarudi na ndoo mbili za majuto, safari inakatika katikati. Tunda, hasa ncha yake, ndilo la mwisho kufikiwa, kwa sababu majani yanavuta maji mengi zaidi.

Mwagilia kwa kipimo kinacholingana, na tandaza nyasi kavu unene wa vidole vinne, zisiguse shina. Punguza pia mbolea inayosukuma majani. Matunda yenye doa yachume, hayaponi, lakini yanayofuata mara nyingi huwa mazima. Maganda ya mayai si mabaya, yanaoza polepole mno tu. Ukiyazika leo, nyanya za msimu huu hazitayaonja.

Mume wangu anasema nimeolewa na bustani. Eti naamkia kwenye biringanya kabla ya kumsalimia yeye. Nimjibu nini?
*– Wa asubuhi*

Msalimie kwanza, mwanangu, biringanya hazinuni. Kisha mkabidhi mmea mmoja uwe wake. Mimi mzee wangu nilimpa bamia, kwa makusudi, maana bamia ikiachwa bila kuchumwa siku tatu nne inakuwa ngumu kama ubao, kwa hiyo ilimbidi aende kila mara. Sasa ananisahihisha ninavyoshika kisu.

Nimehamisha miche ishirini ya kabichi jioni. Asubuhi saba imelala, imekatwa usawa wa udongo kama kwa wembe. Majani yote yapo, hayakuliwa. Nani ana chuki nami?
*– Saba kati ya ishirini*

Sota. Ni kiwavi mnene, wa kijivu au kahawia, anayefanya kazi usiku na kulala udongoni mchana. Habari njema ni kwamba bado yuko hapo. Nenda kwenye mche uliokatwa karibuni zaidi, ule ambao jani halijanyauka sana, ufukue kwa kidole kuzunguka shina, kina cha nusu kidole hadi kidole kizima. Utamkuta amejikunja kama herufi C. Utajua wewe cha kumfanya, mimi ninao kuku.

Ile kumi na mitatu iliyobaki, ivalishe kola: kata kipande cha boksi laini au kasha la karatasi, kiviringishe kuzunguka shina bila kulibana, robo tatu ya kidole ndani ya udongo, mengine juu. Sota anahitaji kuukumbatia mche ili aukate, na kola inamnyima nafasi. Mche ukishakuwa na shina gumu, huhitaji tena. Msimu ujao palilia na kulima tuta wiki mbili tatu kabla ya kupanda, maana anaishi kwenye magugu akikungoja.

Nimeng'oa mharage mmoja nikakuta vinundu kwenye mizizi. Nikakumbuka ulivyoandika kuhusu minyoo fundo, wale wanaovimbisha mizizi, nikang'oa tuta zima na kuchoma moto. Nimefanya vizuri?
*– Wa haraka*

Pole. Pole mara ya pili pia.

Mizizi ya maharage ina vinundu vyake vya kheri. Ndani yake wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuipa mmea kwa namna unayoweza kuitumia. Ulichochoma huenda kilikuwa mbolea ya bure. Namna ya kutofautisha ni hii, na isome mara mbili. Sukuma kinundu kwa ukucha. Kile cha bakteria kimekaa ubavuni mwa mzizi kama shanga iliyobandikwa, kinabanduka kirahisi. Kipasue: kikiwa cha waridi au chekundu ndani, kinafanya kazi. Kile cha minyoo fundo hakibanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba, ukikivuta unakata mzizi. Na mmea wenye minyoo kwa kawaida huwa umedumaa, unanyauka mchana hata udongo ukiwa na maji.

Kama ulipovigusa vilibanduka, basi usirudie. Kama havikubanduka, kupanda nyanya, bamia au biringanya hapo msimu ujao ni kuwaandalia minyoo meza.

Bibi, sikuingia bustanini miezi miwili, nilikuwa namuuguza mama. Sasa anaweza kukaa mwenyewe, nami nimerudi na kukuta magugu yamenifika kiunoni. Nikitazama nataka kulia. Nianzie wapi?
*– Mtoto wa mama*

Nafurahi kusikia mama anakaa. Usianze na bustani, anza na eneo la ukubwa wa mkeka, lililo karibu na mlango, ambalo utaliona kila ukitoka. Hapo ng'oa vyote na mizizi yake. Kwingine kote, leo, fanya jambo moja tu: pita ukikata vichwa vya magugu yaliyotoa maua au mbegu, uviweke kwenye gunia, visiingie kwenye mboji. Gugu lisilo na mbegu linaweza kungoja, lenye mbegu linakuandalia kazi ya miaka.

Kesho au kesho kutwa, sehemu usizozifikia zifyeke chini, zilowanishe, zifunike kwa maboksi yaliyofunguliwa, kingo zipandane, kisha juu nyasi kavu. Gizani magugu mengi yatachoka yenyewe ndani ya miezi miwili hivi, na nyungunyungu watakulimia wakati wewe uko na mama. Yale yenye mizizi ya kutambaa yatachomoza pembeni. Yavute yakitokeza, usiyakate kwa jembe, kila kipande kinakuwa mmea.

Na unapofyeka nenda polepole. Chini ya magugu ya namna hiyo nimewahi kukuta mnanaa mzima na nyanya mbili zilizojiotea.

Mkeka wako ukishakuwa safi, panda maharage, yanaota upesi. Mtolee mama kiti kivulini, umpe bakuli la mbegu achambue zile zilizotobolewa.