Pilipili mbuzi hazijaota siku ya 10? Usimwage udongo

Juzi dada mmoja wa Morogoro ameniandikia: "Leo siku ya 10, mbegu za pilipili mbuzi haijatoka hata moja. Nimwage nianze upya?" Nikajiona mimi wa miaka ile.

Maana mimi nilimwaga. Siku ya 12 nilipindua trei zima nyuma ya banda la kuku, nikamlaani aliyeniuzia mbegu. Wiki iliyofuata, baada ya mvua, nikakuta miche mitatu imechomoza palepale jalalani. Mbuzi si nyanya, jamani. Nyanya ndani ya wiki umeshaiona. Mbuzi hukaa wiki mbili, hata tatu kukiwa na baridi.

Mara ya pili ziliota karibu zote. Kwa furaha nikawa namwagilia asubuhi, mchana na jioni. Siku moja naamka, miche imelala. Majani mabichi kabisa, lakini shingo, pale inapogusa udongo, imesinyaa kama uzi. Hicho ndicho kinyausi, ukungu unaopenda udongo uliolowa. Kwa siku tatu niling'oa miche 40. Wifi yangu akasimama mlangoni: "Fungu la pilipili sokoni shilingi 500, unajitesea nini?" Niliumia sana, na sijasahau.

Safari ya tatu nilichanganya udongo mweusi, mchanga na samadi iliyooza vizuri, nikatoboa makopo chini, nikafukia mbegu nusu sentimita tu. Maji asubuhi pekee. Nikibonyeza udongo kwa kidole nikakuta bado una unyevu, sitii hata tone. Miche ilipofikisha majani sita nikaihamisha jioni, hatua moja kati ya mche na mche. Leo uani nina mashina 22, yamezaa mpaka matawi yameinama, na Jumapili wifi yuleyule ameondoka na mfuko mzima.

Ndugu zangu, tunaua mimea yetu kwa haraka na kwa maji. Acheni kufukuafukua mbegu kila asubuhi kuona kama zimeota! Mbegu inataka joto, unyevu kidogo, na mtu anayejua kusubiri.

Dada wa Morogoro, tandaza nyasi kavu juu ya kitalu chako. Ukiona kijani cha kwanza, ziondoe jioni hiyohiyo. Niandikie siku ya 21.